Kinyozi Hajinyoi

Upande wa kushoto wa uso wa babangu hausikii wembe. Kiharusi kilimpata mwaka juzi akiwa anafunga duka jioni, na tangu siku hiyo shavu lake la kushoto ni kama la mtu mwingine: uliguse, ulifinye, uliwekee taulo la moto, yeye hana habari. Lakini ndevu hazikupata kiharusi. Zinaota pande zote mbili kwa bidii ileile, nyeupe sasa, ngumu kama nyuzi za brashi ya viatu, na kila moja imejikunja utadhani inatafuta njia ya kurudi ilikotoka.

Babangu hajawahi kufuga ndevu. Miaka yote ninayomkumbuka, Jumamosi ilikuwa siku ya kwenda kwa kinyozi wake, kukaa, kuegemeza kichwa na kufunga macho. Kinyozi akafariki. Kisha kiharusi kikaja na kuuchukua mkono wa kushoto, na Baba ni mtu wa mashoto. Mama yuko dukani kutwa. Dada yangu yuko Eldoret na watoto wake. Nani akabaki? Mimi, yule aliyeacha chuo mwaka wa tatu baada ya kipande cha shamba kuuzwa ili alipiwe karo. Tulikuwa tumemaliza karibu miaka minne bila kuongea zaidi ya salamu na habari za stima.

Mara ya kwanza nilimnyoa kwa kile kiwembe cha plastiki cha supermaketi, cha nyembe tatu zilizopangana. Alitoka laini kama yai. Siku ya tatu shingo yote ilikuwa imejaa vipele, vingine na usaha. Nikajaribu mashine ya umeme, ikaacha vishina. Baba akajipapasa kidevu kwa mkono wa kulia, akasema sentensi ndefu kuliko zote alizoniambia mwaka huo: "Mashine inafyeka. Hainyoi."

Alikuwa anataka wembe wa kukunja, ule wa makali moja, kama wa kinyozi wake. Nina tabia moja: kitu kikinishinda, naenda kukisomea historia yake. Labda ndio maana sikumaliza chuo.

*

Anza na lugha yenyewe, manake Kiswahili kimejaa nyembe. Mwanasiasa akiangushwa, wenzake wanaambiwa: mwenzako akinyolewa, zako tia maji. Mtoto mkaidi? Akililia wembe, mpe. Serikali mpya ikija na kodi za ile ya zamani, mtaani tunasema wembe ni ule ule. Na kuna ile fupi kuliko zote: kinyozi hajinyoi.

Hebu ziweke pamoja uone. Ndani ya methali hizi hakuna mtu anayesimama peke yake mbele ya kioo cha bafu. Kuna foleni: mmoja ananyolewa, mwingine anangoja huku analowesha nywele. Kuna mwenye wembe na kuna mwenye kichwa. Hata kinyozi, fundi mwenyewe, lazima atafute mkono wa mwenzake. Ni vivyo hivyo kwa mila. Mtoto wa Kiislamu hunyolewa nywele za kuzaliwa siku ya saba. Kwetu Bungoma, siku chache baada ya mazishi, wafiwa hukaa chini wakanyolewa. Mimi nilinyolewa hivyo tulipomzika nyanya, na mpaka leo nakumbuka ubaridi wa upepo kichwani kuliko ninavyokumbuka hotuba.

Yaani kwa sehemu kubwa ya historia, kunyoa ni kitu ulichofanyiwa. Ulimpa mtu shingo yako, yeye ana chuma mkononi, na mnazungumza habari za mvua. Hiyo ndiyo hadithi ninayotaka kuisimulia: nani ameshika wembe, shingo ni ya nani, na kwa nini anamwamini.

*

Misri ya kale walikuwa na nyembe za shaba, na zimepatikana makaburini, zimezikwa pamoja na wenyewe. Mwanahistoria Mgiriki Herodotus aliandika kwamba makuhani wa Misri walinyoa mwili mzima kila baada ya siku moja. Mrumi Pliny naye anasema vinyozi wa kwanza waliletwa Roma kutoka Sicily, mwaka ambao kwa hesabu yetu ni 300 kabla ya Kristo. Kabla ya hapo, Warumi walifuga.

Shida ya shaba ni kwamba haishiki makali. Wembe wa kukunja tunaoujua, ule unaojificha ndani ya mpini wake, ulihitaji chuma kizuri zaidi, na hapo inabidi twende Sheffield, Uingereza. Miaka ya 1740, fundi wa saa aitwaye Benjamin Huntsman alichoshwa na chuma kibovu cha kutengenezea springi, akabuni njia ya kuyeyusha chuma cha pua ndani ya vyungu vya udongo mpaka kikawa cha namna moja ndani na nje. Kilichofaa springi ya saa kilifaa wembe pia. Sheffield ikawa mji wa nyembe, na baadaye Solingen ya Ujerumani ikaja kushindana nayo.

Karibu na mwaka 1770, mfua visu wa Paris, Jean-Jacques Perret, akachapisha kitabu kizima kuhusu sanaa ya kujifunza kujinyoa mwenyewe. Nilipoliona jina la kitabu hicho nilicheka, kwa sababu ni kama jibu kwa methali yetu. Perret alijua watu wanaogopa, ndio maana alibuni pia wembe wenye kinga ya mbao, iliyoacha ukingo tu wa makali ujitokeze. Lakini fikiria: ilibidi mtu aandikiwe kitabu ili athubutu kuweka wembe kwenye shingo yake mwenyewe. Shingo ya mwingine ilikuwa rahisi zaidi.

*

Sasa tuvuke bahari, kwa sababu watu walioujua wembe huu kuliko wote, na walioujua kwa ndevu kama za babangu, walikuwa Marekani, na wengi wao walizaliwa utumwani.

Kusini mwa Marekani, kazi ya kinyozi ilionekana kazi ya mtumishi, kwa hivyo wazungu wengi waliidharau. Watu weusi wakaishika. Huko Natchez, Mississippi, William Johnson alizaliwa mtumwa mwaka 1809, akaachiwa huru 1820, akajifunza unyozi, akamiliki vinyozi kadhaa mjini. Kuanzia 1835 aliandika shajara yake karibu kila siku mpaka alipouawa kwa risasi mwaka 1851, kwa ugomvi wa mpaka wa shamba. Mshukiwa hakuwahi kuhukumiwa, kwa sababu mashahidi walikuwa weusi na sheria haikuwaruhusu kutoa ushahidi dhidi ya mzungu, na yeye alidai ni mzungu. Na tusimpambe Johnson: yeye mwenyewe alimiliki watumwa. Historia haikunyolewi ukatoka msafi.

Fikiria hicho kiti lakini. Bwana mwenye mashamba ameegemeza kichwa nyuma, koo liko wazi, macho yamefungwa. Juu yake amesimama mtu mweusi, na ameshika chuma kinachoweza kukata unywele angani. Mwaka 1855 Herman Melville alichapisha hadithi iitwayo Benito Cereno, kuhusu meli ambayo watumwa wameiteka huku wakijifanya bado ni watumwa. Babo, kiongozi wao, anamnyoa nahodha mbele ya mgeni. Mgeni anaona mtumishi mwaminifu. Nahodha anatetemeka, kwa sababu yeye anajua ukweli. Wembe ni uleule, shingo ni ileile. Kilichobadilika ni nani anajua nini.

Baada ya utumwa kukomeshwa, wembe ukawa mtaji. Alonzo Herndon alizaliwa mtumwa Georgia mwaka 1858. Alifika Atlanta na ujuzi wa unyozi, akamaliza akiwa na kinyozi kwenye barabara ya Peachtree chenye marumaru na taa za fuwele, na mwaka 1905 akaanzisha biashara ya bima iliyokuja kuwa Atlanta Life. John Merrick, aliyezaliwa mtumwa mwaka 1859, alikuwa kinyozi Durham, North Carolina. Mwaka 1898 yeye na wenzake walianzisha kampuni ya bima ya North Carolina Mutual. Kampuni mbili kubwa za watu weusi, zote zimetoka kwenye povu la sabuni.

Lakini kuna mfupa kwenye hii nyama. Kinyozi cha Herndon cha Peachtree kilihudumia wazungu peke yao. Mtu mweusi angeweza kumnyoa jaji, lakini asingeweza kukaa kwenye kiti kilekile anyolewe. Na Septemba 1906, genge la wazungu lilipovamia watu weusi Atlanta, kinyozi cha Herndon kilivunjwa vioo. Yeye alikuwa amefunga mapema. Ng'ambo ya barabara, vinyozi weusi waliokuwa kazini waliuawa. Usiniambie hao waliorusha mawe hawakuwahi kukaa kwenye viti hivyo na kufunga macho. Mwaka 1926 baraza la jiji likaja na sheria ya kuwazuia vinyozi weusi kuhudumia wanawake na watoto wa kizungu. Mahakama ikaitupa nje baadaye, ila ujumbe ulikuwa umefika.

Nilikaa na hilo siku kadhaa. Nilidhani kumpa mtu shingo ni kumwamini. Kumbe unaweza kumpa mtu shingo yako miaka 20 na usimwamini hata kidogo; unaamini tu kwamba hana uwezo wa kukudhuru.

*

Kisha akaja mtu aliyetaka kumwondoa kinyozi kabisa. King Camp Gillette alikuwa muuzaji wa kusafiri, na tajiri wake aliyebuni vizibo vya chupa alikuwa amemshauri atafute kitu ambacho watu watatumia, watupe, warudi kununua kingine. Mwaka 1903, wa kwanza sokoni, aliuza viwembe 51 na nyembe 168. Mwaka uliofuata viwembe vilipita 90,000. Marekani ilipoingia Vita vya Kwanza vya Dunia, serikali yake ilinunua viwembe takriban milioni 3.5 kwa ajili ya wanajeshi, na vijana wakarudi nyumbani wakiwa wamezoea kujinyoa kila asubuhi, peke yao, mbele ya kioo.

Perret alikuwa ameshinda. Huku kwetu pia: kila duka la mtaa liliuza Nacet au Topaz, na wembe huo wa karatasi ukafanya kila kazi, kukata kucha, kuchonga penseli, kufumua nguo. Hakuna tena foleni, hakuna kutia maji zako.

Ila uhuru huo ulikuwa na kichwa cha mtu fulani akilini, na hakikuwa cha babangu. Mwaka 1971 Gillette ilileta wembe wa makali mawili yaliyopangana. Hesabu yake ni hii: makali ya kwanza yanauvuta unywele juu kidogo, ya pili yanaukata, kisha unywele unarudi chini ya ngozi. Kama nywele zako ni nyoofu, raha tele, utaota tena kwa njia uliyojia. Kama ni za kipilipili, shimo unamotoka unywele limepinda tangu ndani. Umeukata kwa mshazari, umeuachia ncha kama ya mkuki, umeuficha chini ya ngozi. Ukianza kukua unapinda, unachoma pembeni, unaingia nyama. Au unatoka nje, unafanya nusu duara, unarudi kuchoma hapohapo jirani. Mwili unauona kama mwiba na unapigana nao. Hivyo ndivyo vipele vya ndevu. Si uchafu, si sabuni mbaya, si damu chafu kama tulivyoambiwa tukiwa wadogo. Ni umbo la unywele na umbo la chombo kukataana.

Na chombo kikishakuwa cha kila mtu, uso msafi unakuwa sheria. Jeshi la majini la Marekani liliruhusu ndevu mwaka 1970, likaja kuzipiga marufuku tena katikati ya miaka ya 1980. Askari weusi wenye vipele walihitaji cheti cha daktari ili waache kunyoa, na cheti hicho kikawatia doa. Mwaka 1984 huko Nebraska, mwanamume mweusi aliyekuwa akipeleka piza alifutwa kazi kwa sababu ngozi yake haikuweza wembe; kesi ilivutana mpaka mwaka 1993 ndipo mahakama ya rufaa ikasema marufuku hiyo ya ndevu iliwaumiza wanaume weusi na haikuwa na sababu ya kutosha. Ungedhani yameisha. Mwaka 2025 wizara ya ulinzi ya Marekani ilikaza tena: mwanajeshi ambaye baada ya mwaka wa matibabu bado hawezi kunyoa, anaweza kuondolewa.

Sisemi haya kama mtu wa mbali. Nilipoacha chuo nilipata kibarua cha mapokezi kwenye hoteli moja mjini. Sheria ilikuwa uso msafi kila siku. Wiki ya pili shingo yangu ilikuwa kama ya kuku aliyenyonyolewa. Msimamizi akaniuliza kama naoga. Wiki ya tano hawakunipangia zamu tena. Sikumwambia Baba. Alikuwa na ngozi ileile, angenielewa kuliko mtu yeyote, lakini hatukuwa tunaongea.

*

Sasa, wembe wa kukunja ulipotelea wapi hapa kwetu? Baba aliniambia jibu kwa neno moja: "Ukimwi."

Ugonjwa huo uligunduliwa Kenya mwaka 1984, na Novemba 1999 Rais Moi akautangaza kuwa janga la taifa. Kati ya miaka hiyo miwili, kila redio na kila ukuta wa zahanati ulisema usichangie wembe. Lilikuwa onyo la haki. Wembe mmoja uliopita shingo kumi kwa kuoshwa na maji ya moto tu haukuwa na utetezi. Vinyozi wakahamia mashine na spiriti. Wachache waliobaki na ujuzi wakachukua mpini unaofanana na wa zamani, ila unaingizwa nusu ya wembe mpya kwa kila mteja na kutupwa. Katika kizazi kimoja, mikono iliyojua kunoa na kunyoa kwa makali moja ikabaki ya wazee.

Mmoja wao nilimpata Majengo, Pumwani, mtaa uliojengwa miaka ya 1920 na ambao mpaka leo una Kiswahili kitamu kuliko cha wengi wetu Nairobi. Kibanda chake kina kiti kimoja, kioo kilichopasuka kona na redio.

"Shikamoo, Babu."

"Marahaba. Kichwa au ndevu?"

"Sikuja kunyolewa. Nataka unifundishe kunyoa."

"Umnyoe nani?"

"Babangu. Ana kiharusi. Kinyozi wake alifariki."

Aliizima redio. "Basi kaa hapo kwenye benchi. Leo hutashika kitu, utaangalia tu."

Nilienda Jumanne na Alhamisi kwa miezi miwili, nikimlipa soo mbili kila nikienda, ingawa alikuwa akichukua huku amegeuza uso kama haioni. Wiki ya kwanza niliangalia. Wiki ya pili alinipa puto. Unalipaka povu, unalinyoa povu lote bila kulipasua. Nilipasua manne, na kila likilia wateja walishtuka na yeye akacheka. Alinifundisha kunoa pia, kwa wembe wake wa zamani ambao hanyolei mtu tena: kwenye kinoo makali yanatangulia, kwenye mkanda wa ngozi makali yanafuata nyuma. Ukikosea mwelekeo kwenye mkanda, umekata mkanda.

Kuhusu ndevu ngumu maneno yake yalikuwa machache, na nimeyaandika yote. Maji kwanza, tena ya moto, na taulo likae usoni mpaka utamani kulitoa, kisha ungoje tena. Ndevu kavu ni waya, ndevu iliyolowa ni uzi. Povu lisuguliwe kwa brashi kwa kuzungusha, ili ndevu zilizolala zisimame. Kabla ya wembe, pitisha vidole kavu ujue kila sehemu zinalala kuelekea wapi; shingoni zinaweza kuzunguka kama maji yanayoingia shimoni. Vuta ngozi kwa kidole kidogo tu, isiwe ngoma, manake ukiivuta sana ndevu zitarudi ndani. Wembe ulale, mgongo wake uinuke kidogo tu juu ya ngozi. Fuata zinavyolala. Usipande kinyume. Usirudie palepale mara ya tatu.

"Lakini haitakuwa laini kabisa," nikasema.

"Nani alikwambia iwe laini kabisa? Huyo anayetaka laini ndiye anayepata vipele. Mwachie mtu kivuli kidogo cha ndevu zake."

Hapo nikaelewa kile ambacho vitabu havikuniambia. Wembe wa zamani hauna uchawi. Ukiukandamiza, vipele utapata vilevile. Ila unakata pale juu ya ngozi, hauendi kuchungulia chini. Na kwa sababu unaogopesha, unakulazimisha kwenda polepole na kuuangalia uso wa mtu, huu uso, si uso wa tangazo.

Mwezi wa pili ukiisha, Alhamisi moja, aliingiza nusu wembe mpya kwenye mpini, akanipa, akakaa kwenye kiti chake mwenyewe.

"Huwa nanyolewa na mwenzangu wa pale mbele," alisema. "Mimi wake, yeye wangu, kila Alhamisi jioni ili Ijumaa tukiwa msikitini tuwe watu. Leo nimemwambia asije. Kinyozi hajinyoi, unajua?"

Akaegemeza kichwa, akafunga macho. Mkono wangu ulitetemeka kwa dakika nzima na hakuyafungua.

*

Tunafanya Jumapili sasa, Mama akiwa kanisani. Namkalisha Baba karibu na dirisha, upande wa mwanga. Nachemsha maji kwa sufuria. Huanza kulia, upande wenye hisia, kwa sababu huko akikunja uso najua nimebonyeza sana. Upande huo unanifundisha. Nikivuka kidevu kwenda kushoto nabaki peke yangu. Huko hawezi kuniambia kitu. Naweza kumkata mpaka nichoke na atakuwa anatazama nje tu.

Jumapili ya tatu nilimkata. Ilikuwa chini ya taya, kushoto, mahali ndevu zinapogeuka. Povu likawa la waridi. Baba alikuwa anatazama watoto wa jirani wakicheza mpira. Hakujua. Nilikuwa na kipande cha shabu mfukoni, Babu alinipa, ukiligusisha damu inakata hapohapo. Ningelibandika, nikaosha, nikafuta, na asingejua hadi leo.

Nilifikiria vitu vingi kwa muda mfupi. Karo. Ile hoteli. Barua ya chuo niliyoikunja na kuiweka chini ya godoro miezi mitano kabla hajaipata. Upande asioona ndiko nilikokuwa nimezoea kuweka mambo yangu.

"Baba, nimekukata."

Aliacha kutazama mpira. "Wapi?"

"Hapa. Chini ya taya."

Akainua mkono wa kulia, akaupeleka kushoto polepole, akagusa mahali ambapo hapasikii. Akaangalia damu kwenye kidole, kwa makini, kama mtu anayekagua noti dukani kama ni halali. Nikabandika shabu. Damu ikakata.

"Hufai kufika huku mkono ukiwa umechoka," akasema mwishowe. "Jumapili ijayo uanze na kushoto."

Kisha akaegemeza kichwa nyuma na kufunga macho, nami nikaendelea.